Mpingo, Shaba na Mashetani wa Kimakonde

Anayepita leo katika rasi ya Msasani, kuanzia Slipway hadi Morogoro Stores kule Oysterbay, hakosi kukutana na vinyago vya mpingo vilivyopangwa mezani: Wamasai warefu wembamba, vifaru, minara ya watu waliopandiana mabegani, na katikati yao viumbe wa ajabu wenye jicho moja, mdomo uliofika sikioni na mguu uliotokea kichwani. Wauzaji huwaita mashetani. Wageni huwanunua kwa sababu wanachekesha au wanatisha, na wenyeji wengi huwapita wakiamini kwamba hiyo ni biashara ya watalii, haiwahusu. Makala haya yanatetea msimamo mwingine. Mashetani hawa, waliozaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, ni uchongaji wa ndoto uliokomaa kuliko mwingi uliosifiwa Ulaya kwa jina la usurealisti. Tena katika kuonyesha namna uzuri unavyokabiliana na wakati, wachongaji wa Kimakonde walipata njia iliyo imara kuliko ile ya shaba.

Ili ulinganisho uwe wa haki, tuanze na upande wa pili katika ubora wake. Usurealisti ulijitangaza Paris mwaka 1924, André Breton alipotoa ilani yake ya kutaka akili iachie usukani na ndoto ishike. Msanii wake mashuhuri kuliko wote, Mhispania Salvador Dalí, alichora mwaka 1931 saa zinazolegea na kuning'inia, na picha hiyo ikawa alama ya wakati kwa karne nzima. Uzeeni alihamishia alama zake kwenye sanamu za shaba nyeusi, ule mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati. Mojawapo ni Venus ya Angani, iliyobuniwa mwaka 1977 na kumiminwa mwaka 1984. Ni kiwiliwili cha mwanamke kwa mfano wa sanamu za kale za Kigiriki, bila kichwa wala mikono, kilichokatwa vipande viwili vilivyoachana. Shingoni imelazwa saa iliyolegea, katika mwanya kuna yai, na juu ya mwili wanatambaa sisimizi. Maana haijifichi: uzuri wa mwili unapita, sisimizi ni uozo, yai ni uhai unaoanza upya, na saa inasema kwamba hakuna anayesalimika. Ni kazi safi na inasomeka. Lakini inasomeka kwa sababu kila wazo limewekewa kitu chake. Wakati ni saa iliyopachikwa juu ya mwili. Ukiiondoa saa, mwili unabaki mzuri vilevile na haujui lolote kuhusu wakati.

Shaba yenyewe ina historia katika jiji hili, na historia hiyo inasaidia hoja. Sanamu kubwa za shaba hazikuletwa Dar es Salaam kuwaza juu ya uzuri. Zililetwa kutangaza nani mtawala. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha hapa Hermann von Wissmann, gavana wao aliyewahi kuongoza vita dhidi ya watu wa pwani, na chini yake wakamweka askari Mwafrika akimtazama kwa utii. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, sanamu ikaondolewa, na mwaka 1922 ikasimikwa tena Hamburg. Mahali pake, mwaka 1927, pakasimama Sanamu ya Askari tunayoijua, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, mwenye bunduki na singe iliyoelekea bandarini. Wissmann aliendelea kusimama mbele ya chuo kikuu cha Hamburg hadi wanafunzi walipomwangusha mwaka 1968. Madini yanayosifiwa kwa kudumu hayakukaa Dar es Salaam hata miaka 10 bila kupingwa kwa mizinga, na hata huko yalikopelekwa yalivutwa chini kwa kamba. Tutalirudia hili tutakapofika kwenye suala la kudumu.

Wamakonde walikuja na urithi mwingine kabisa wa uchongaji. Mwanazuoni Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika simulizi yao ya asili: kiumbe aliyeishi peke yake porini, ambaye bado hakuwa mtu kamili, alichonga mti kwa umbo la mwanamke, akausimamisha, na usiku ule mti ukawa hai, ukawa mke wake. Watoto waliozaliwa bondeni karibu na maji walikufa. Aliyezaliwa juu uwandani aliishi, na kwake wakatokea Wamakonde. Katika simulizi hii mama wa kabila ni kinyago, na uzuri wake unatoka moja kwa moja kwenye mti na mkono wa mchongaji. Kuhusu wakati, simulizi inatoa hesabu ya vizazi: wawili wa kwanza walikwenda, wa tatu akabaki. Ndiyo maana sanamu ya mwanamke aliyebeba mtoto imekuwa katikati ya uchongaji wao tangu zamani, na barakoa za mapiko, zilizovaliwa kwenye ngoma za jando na unyago, zilichongwa kwa mti mwepesi ulioweza kuchezwa nao. Usoni mwa barakoa hizo mchongaji aliweka chale na ndonya ya mdomo wa juu, mapambo ambayo kwa bibi wa Kimakonde ndiyo yaliyokamilisha sura.

Wachongaji hao waliingia Tanganyika kwa mkondo wa kazi. Kuanzia kati ya vita viwili vya dunia, Wamakonde kutoka uwanda wa Mueda nchini Msumbiji walivuka mto Ruvuma kutafuta vibarua kwenye mashamba ya mkonge, na wengine wakafika Dar es Salaam. Mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964 viliongeza wakimbizi. FRELIMO yenyewe iliundwa jijini humu mwaka 1962. Mjini walikuta wanunuzi wasiocheza mapiko, waliotaka kitu cha kuweka sebuleni. Mpingo ukashika nafasi ya mti mwepesi, kwa kuwa weusi wake na uzito wake ulipendwa. Mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, aliyekuwa na duka la vinyago katikati ya mji, akawa mnunuzi wao mkubwa. Miongoni mwa wachongaji hao, Yakobo Sangwani anatajwa kuwa mwanzilishi wa mnara wa watu waliobebana, ambao wenyewe waliuita dimoongo na ambao, siasa ya nchi ilipogeuka, ukapewa jina la ujamaa.

Shetani anahusishwa na fundi mwingine wa mduara huohuo, Samaki Likankoa. Inasimuliwa kwamba Samaki alikuwa akichonga mtu wa kawaida, mkono ukavunjika, na badala ya kuitupa kazi akaufuata mvunjiko ule mpaka mtu akageuka kuwa kiumbe cha porini, mmoja wa wale ambao Wamakonde huwaita nnandenga. Peera alikinunua na kuomba vingine. Iwe hivyo ilivyotokea au simulizi imenyooshwa na wasimuliaji, inaeleza vizuri mantiki ya mtindo. Chukua kinyago kimoja cha aina hii, kisichozidi urefu wa mkono. Kimesimama kwa mguu mmoja uliopinda kama mzizi. Tumbo halipo, mahali pake pana tundu unalopitisha vidole viwili. Titi moja limenyooka likawa mkono, na mkono umerudi juu ukashika taya. Upande wa kushoto umesuguliwa mpaka unateleza, wakati mgongoni mchongaji ameacha ukanda wa weupe wa nje ya mti, mbichi, wenye alama za tezo. Hakuna kiungo kilichopachikwa, wala hakuna mahali unapoweza kusema kiungo kimoja kimekoma na kingine kimeanza. Titi linazeeka kuwa mkono mbele ya macho yako, na mdomo wenye ndonya, ule uliokuwa fahari ya bibi, umevutwa mpaka umekuwa mlango wa pango.

Hapo ndipo uzuri na wakati vinapokutana, na vinakutana ndani ya umbo, bila kuhitaji saa. Ndonya na chale zilikuwa zikiachwa na vijana miaka ileile shetani alipozaliwa. Mchongaji aliyeziweka kwenye uso wa kiumbe wa kutisha alikuwa akionyesha kinachotokea kwa kipimo cha uzuri pale watu wake wanapokihama: hakifutiki, kinageuka sura, kinakuwa cha mizimu. Anayemtazama shetani kama kichekesho cha ubaya anakosa nusu ya jambo. Ubaya wake umejengwa kwa viungo vya uzuri wa jana, na kwa ufundi wa kusugua na kung'arisha ambao ni uzuri wa leo. Dalí alimchukua Venus wa Wagiriki, uzuri wa watu waliokufa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, akampa saa. Samaki na wenzake walichukua uzuri wa mama zao wakiwa bado hai. Tofauti hiyo inaonekana kwenye kazi.

Mti nao una sehemu yake katika hoja hii. Mpingo hukua polepole mno. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na mara nyingi hukua umejipinda, una mifereji na tundu katikati. Ni mti mzito unaozama majini, unaopelekwa Ulaya kwa ajili ya zumari na klarineti. Mchongaji hauagizi uwe na umbo fulani. Hulitazama gogo, hutafuta ufa ulikoelekea, hukata kwa panga na tezo, kisha patasi na rungu, kisha tupa, msasa na mwisho rangi ya viatu au nta. Ufa anaoukuta huwa jicho au koo. Tundu huwa tumbo. Kila uamuzi wake ni jibu kwa ukame au kivuli kilichoupata mti kabla yeye hajazaliwa. Kwa shaba mambo ni kinyume. Sanamu hufinyangwa kwanza, umbo lake likatolewa kwa nta, nta ikafunikwa kwa udongo, ikayeyushwa ikatoka, na shaba ya moto ikamiminwa mahali pake. Kisha kalibu hiyohiyo ya awali hutoa nakala nyingine na nyingine. Shaba hupokea wazo lolote bila ubishi. Mpingo hubisha, na ubishi huo ndio wakati ulioingia kwenye kazi.

Msasani inaingia katika historia hii kwa mlango wa soko. Sehemu ya Oysterbay ya rasi hii ilijengwa kuwa makazi ya maofisa wa kikoloni, na baada ya uhuru ikawa ya mabalozi, wataalamu wa kigeni na wakubwa wa serikali, huku kijiji cha wavuvi kikibaki pembeni. Palipo na sebule za kupambwa, wachuuzi wa sanaa hufika. Mwaka 1968 Edward Said Tingatinga, aliyetoka Tunduru, alianza kuchora kwa rangi za kung'aa juu ya vibao, na picha zake zikauzwa nje ya Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972, akipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu, lakini jamaa na wanafunzi wake waliendelea palepale mpaka wakaunda ushirika. Mwaka huohuo wa 1972 Nyumba ya Sanaa ilianzishwa kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, na humo George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934, akawahamisha mashetani kutoka kwenye mpingo kwenda kwenye turubai na michongo ya kupakwa rangi, akajulikana dunia nzima kabla ya kufariki mwaka 2005. Wachongaji wengi waliobaki na mpingo walikusanyika Mwenge, safari fupi kutoka Msasani. Kwa hiyo kona hii ya jiji, katika eneo dogo, ilizaa au kulea mitindo yenye sauti kubwa kuliko yote katika sanaa ya kisasa ya nchi.

Pingamizi la kwanza ni zito, na wataalamu wamelisema. Mwanahistoria wa sanaa Sidney Kasfir alionyesha mwaka 1980 jinsi wanunuzi walivyoutengeneza mtindo huu: Peera alichagua, akalipa, akakataa, na mashetani wakaongezeka kwa sababu waliuzika. Je, bidhaa iliyoumbwa na mfuko wa mnunuzi inaweza kubeba fikra nzito juu ya uzuri na wakati? Ukweli wa pingamizi hili haukataliki, ila hitimisho lake linapinda. Sanamu za shaba za Dalí nazo zilitokana na mfanyabiashara: Mwitaliano Beniamino Levi ndiye aliyemhimiza na kugharimia kumiminwa kwazo, na zikatolewa kwa nakala zenye namba ili ziuzwe. Hakuna anayesema kwamba Venus ya Angani haina maana kwa sababu Levi alitaka faida. Mnunuzi huamua nini kichongwe tena. Haamui jinsi mkono unavyofuata ufa. Peera angeweza kuomba mashetani 100, lakini hakuweza kuleta kutoka dukani kwake ndonya, nnandenga na simulizi ya mwanamke wa mti.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: kwamba kumwita shetani msurealisti ni kumvika Mmakonde kanzu ya Paris. Kwa wengi wao viumbe hawa ni wa kweli, si ndoto za mtu mmoja kitandani, na aliyechonga hakusoma ilani ya Breton. Ni sawa, na sidai kuna ukoo kati yao. Kama kuna deni, basi ni la Ulaya, maana wasurealisti walijaza vyumba vyao barakoa za Afrika na za visiwa vya Pasifiki. Ninachodai ni kwamba swali ni moja: sanaa inawezaje kuonyesha kitu kikiwa chenyewe na wakati huohuo kikigeuka kingine? Kuhusu swali hilo, imani haimpunguzii mchongaji ufundi; inampa msamiati ambao watazamaji wake wanaujua. Dalí alilazimika kubuni alama zake mwenyewe na kuzieleza. Nnandenga hakuhitaji maelezo Mueda wala Newala. Mwaka 1989, maonyesho makubwa ya Magiciens de la Terre jijini Paris yalimweka Mmakonde wa Msumbiji, John Fundi, pamoja na wasanii wa mabara yote, na kazi yake haikuhitaji kuombewa huruma.

Pingamizi la tatu ni la anayetazama meza za leo. Vinyago vingi vinafanana, vingine ni mti mwingine uliopakwa rangi nyeusi, mpingo umekuwa adimu, na mti hata hivyo huliwa na kupasuka, wakati shaba hubaki. Kuhusu kufanana, ni kweli kwamba kazi dhaifu ni nyingi. Ndivyo ilivyo katika kila sanaa yenye soko, na nakala za shaba zinafanana zaidi. Kuhusu mpingo, dawa inajulikana: mwaka 2009 misitu ya baadhi ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, na wanakijiji wakaanza kupata bei ya haki kwa kulinda miti yao. Kuhusu kudumu, tumeona yaliyompata Wissmann. Kinachoifanya sanamu idumu ni watu wanaoitaka, wanaojua ilitoka wapi na nani aliitengeneza. Hapo, kwa bahati mbaya, mashetani wako katika hatari kubwa kuliko ya mchwa, kwa kuwa vingi vya vinyago vilivyochongwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 na 1970 viko kwenye makusanyo ya Ujerumani, Japani na Marekani, na huku nyumbani vilivyobaki huuzwa bila jina la mchongaji wala mwaka.

Hukumu basi ni hii. Katika suala la uzuri na wakati, shaba ya kisurealisti ilitupa fumbo lililosomeka vizuri, na mpingo wa Kimakonde ulitupa kitu chenye wakati ndani yake: umri wa mti, sura za mabibi, mkono uliovunjika ukafuatwa. Kukiita hicho zawadi ya watalii ni kuiacha historia yetu iandikwe na aliyelipa bei ya mwisho. Kazi ya kurekebisha si kubwa wala haihitaji mfadhili. Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama waandike majina ya wachongaji pale yanapojulikana, na wawahoji wazee wa Mwenge maadamu wapo. Wauzaji wa Msasani waandike chini ya kila kinyago jina, kijiji cha asili na mwaka. Na wewe msomaji, utakaposimama mbele ya meza hizo, muulize muuzaji nani alikichonga kabla hujamuuliza bei.